Mwembe Ukianguka, Usiite Wauza Kuni Kwanza: Jinsi ya Kupasua Mbao Nyumbani

Kusi inapoanza kuvuma na masika yakishailowesha ardhi, miti ya Mombasa huanza kulala. Leo utasikia mwembe umeanguka Kisauni, kesho mkungu huko Tudor, keshokutwa mwarobaini umelalia ukuta wa mtu Likoni. Kinachofuata kila mtu anakijua: anaitwa kijana wa pawa (msumeno wa injini), mti unakatwa vipande vya kuni, mkokoteni unakuja, na mwenye ua analipa ili mali yake mwenyewe ichukuliwe. Mwezi ukigeuka, mwenye ua yule yule yuko kwenye yadi ya mbao akinunua saipresi iliyoshuka kutoka bara, mbichi hata ukiipiga msumari inatema maji.

Nami nimelipa hivyo mara mbili. Mara ya tatu, ulipoanguka mwembe wa marehemu nyanya kule Mtongwe, nilimwambia kijana wa pawa akate matawi tu, shina aliache. Shina lile leo ni meza ya kulia, rafu tatu na kiti kirefu cha barazani. Nilikosea mengi njiani, na mengi ya makosa hayo nitayataja hapa, maana ndiyo yaliyonifunza kwamba kupasua kwenyewe ni kazi ya siku moja au mbili. Ubao huharibika kabla msumeno haujawashwa, au baada ya kuzimwa.

FREMU NI KITU GANI

Hapa pwani wapo mafundi wanaopasua gogo kwa mkono mtupu. Wanapiga uzi wenye rangi juu ya gogo, wanashika msumeno na kuufuata mstari kwa macho. Nimewaona wenye mkono mzuri ajabu. Lakini hata ubao wa fundi huyo mzuri una mawimbi, na ukifika kwa seremala randa inakula sehemu kubwa ya unene kabla haujawa sawa.

Fremu ya kupasulia, ile inayojulikana kwa jina la Alaskan, huondoa kazi hiyo ya macho. Inalibana bapa la msumeno (mafundi husema baa) sehemu mbili, karibu na injini na karibu na ncha, na juu yake kuna reli zinazoteleza juu ya gogo. Umbali kati ya reli na baa ndio unene wa ubao. Ukifunga inchi mbili utapata inchi mbili toka mwanzo wa gogo hadi mwisho. Msumeno unalala ubavu, wewe unausukuma taratibu.

Faida yake kubwa kwa mtu wa mjini ni kwamba fremu huenda kwenye gogo. Gogo la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa futi 8 ni karibu nusu mita ya ujazo, na likiwa bichi lina zaidi ya kilo 400. Hebu litoe hilo kwenye ua wa Mji wa Kale, upite nalo vichochoro ambavyo hata mkokoteni unapita kwa kujikunyata. Ukilipasua pale pale lilipolala, kinachotoka ni mbao ambazo watu wawili wanazibeba begani.

Hasara yake nayo uijue. Kila mkato unageuza karibu milimita 9 za mti kuwa unga. Gogo hilo la sentimita 50 ukilipasua mbao za sentimita 5, utapata mbao sita, mabanzi mawili ya juu na chini, na zaidi ya sentimita 6 zimekwenda na upepo. Mwenye gogo la thamani kubwa na njia ya kupitisha lori ni afadhali alipeleke kwenye kiwanda chenye msumeno wa utepe, ambao mkato wake ni mwembamba zaidi.

KIBALI, NA MAJIRANI

Kabla ya kuangusha mti uliosimama, na kabla ya kusafirisha mbao hata za mti ulioanguka wenyewe, pita ofisi ya Huduma ya Misitu (KFS) na ofisi ya kaunti. Kupitisha mbao barabarani bila kibali ni njia ya haraka ya kulala nazo kituoni. Mikoko usiiguse bila leseni hata kama imeota nyuma ya nyumba yako. Tangu 1932 mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali.

Na kelele. Nchi ina kanuni za kelele za mwaka 2009, lakini jirani hatangojea kanuni. Waambie siku mbili mapema. Anza saa tatu asubuhi, si alfajiri, na kama msikiti uko karibu zima msumeno adhana ikianza. Nilipomaliza gogo la Mtongwe niliwapelekea majirani watatu mabanzi ya kuni, na tangu hapo hakuna aliyewahi kununa.

MTI GANI UNASTAHILI

Mwembe ndio utakaoupata mara nyingi. Si bure tuna mtaa mzima unaoitwa Mwembe Tayari. Ni rahisi kuupasua kwa msumeno, na mbao zake zina rangi za kahawia na manjano, wakati mwingine na michirizi myeusi iliyochorwa na kuvu, ambayo wanunuzi wa siku hizi huipenda. Udhaifu wake ni kwamba haudumu nje, dumuzi wanaupenda, na kuvu huanza kuuchafua mapema. Upasue ndani ya wiki mbili tatu tangu uanguke, na uutumie ndani ya nyumba tu. Utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine. Wa mkorosho, ndugu yake, huunguza kabisa. Vaa mikono mirefu.

Mwarobaini ndio ninaomshauri mtu aanze nao akiupata. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, mbao zake zina wekundu mzuri, na wadudu hawaupendi, ndiyo maana unafaa kwa masanduku na kabati za nguo. Vumbi lake ni chungu hata kooni, basi vaa barakoa.

Mkwaju una kiini kigumu kama chuma na utakula cheni zako. Ulikuwa mti wa vinu na michi, na mimi ningeuacha kwa kazi hiyo. Kuna wasiotaka kuusogelea kwa sababu nyingine, hayo siyaingilii. Mvinje nao ni mgumu na hupasuka vibaya ukikauka: ufanye nguzo. Mbuyu hauna mbao kabisa, ni maji na nyuzi.

Mnazi unahitaji maneno yake peke yake, maana si mti wa kawaida. Hauna kiini kigumu katikati kama mwarobaini, mambo yamegeuzwa. Ugumu uko nje, karibu na gome, na sehemu ya chini ya shina. Katikati ni laini kama sifongo. Mbao za pembeni zina uzito wa zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo zikiwa kavu, za katikati hazifiki 400. Kwa hiyo hupasui mnazi toka juu hadi chini kama mkate. Unachukua mbao za pande nne na kuutupa moyo. Chagua mnazi mzee, ule uliokwisha kuzaa, wenye miaka 60 na kuendelea. Kijana hana ubao. Nao hufifisha makali upesi kuliko mti wowote hapa pwani, kwa sababu ndani yake mna silika, jamaa wa mchanga. Ukipasua mnazi hesabu kunoa mara mbili zaidi.

Matawi yaache, hata yawe manene namna gani. Tawi, na shina lililokua limeinama, lina mvutano ndani yake: upande mmoja umekuwa ukivuta na mwingine ukisukuma maisha yote. Siku unayolipasua, ule mvutano unafunguka na ubao unajikunja kama upinde mbele ya macho yako.

VIFAA

Msumeno wenyewe usiwe chini ya cc 70, yaani ukubwa wa injini. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Msumeno mdogo kama Stihl MS 170, wenye cc 30, ni mzuri wa kupogolea. Ukiupa kazi ya kupasua utachemka na kufa. MS 381, wenye cc 72, unaweza gogo la upana wa sentimita 50 la mwembe. Kwa mapana zaidi, au mti mgumu, tafuta cc 90 na zaidi. Ile 070 ya zamani, yenye cc 105 hivi, bado inapatikana mikononi mwa mafundi na ni ng'ombe wa kazi, ingawa uzito wake utaukumbuka mgongoni.

Jihadhari na misumeno ya kuigiza. Nilinunua mmoja kwenye duka moja la mjini, bei ya kutupa, kibandiko kinang'aa. Pistoni iliganda kabla sijamaliza gogo la kwanza. Kusema kweli kosa halikuwa la duka peke yake, na ndipo tufike kwenye mafuta.

Injini hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili ya tuu-stroki. Kwa oili ya mwenye msumeno mwenyewe, kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita. Kwa oili ya kawaida ya dukani, 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Mimi nilitumia oili ya kawaida kwa kipimo cha 50. Kupasua ni kazi nzito kuliko kukata kuni, maana injini inakaa kwenye moto kamili (mafuta yamevutwa mpaka mwisho) dakika kumi bila kupumua, na oili ikipungua hapo hakuna huruma. Mwambie fundi wako pia afungulie kabureta kidogo ili mchanganyiko uwe mzito wa petroli. Filta ya hewa ioshwe kila ukijaza tangi mara mbili. Unga wa mbao huiziba haraka.

Baa: fremu hula sentimita 10 hivi za urefu wake. Baa ya inchi 24, yaani sentimita 61, itakupa mkato wa sentimita 50 kwa kubanana. Ya inchi 30 ndiyo inayofaa kwa miti ya uani.

Cheni ndiyo siri ambayo hakuna aliyeniambia. Cheni inayokuja na msumeno imenolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi, kwa ajili ya kukata mti kwa kukingama. Kupasua kunafuata nyuzi, na kwa kazi hiyo jino linatakiwa liwe karibu mraba, digrii 10. Ukitumia ya kawaida itakata, lakini kwa kurukaruka, na ubao utatoka na mikwaruzo kama umekwanguliwa na paka. Cheni ya kupasulia ukiikosa madukani, nunua ya kawaida na uigeuze mwenyewe kwa tupa kila unaponoa, mpaka ifike digrii 10.

Fremu yenyewe unaweza kuagiza, au kumpa fundi wa kuchomelea. Yangu ya pili ilitengenezwa kwa mabomba ya mraba ya inchi moja na vyuma vyenye nyuzi za nati vya kupandishia na kushushia. Vitu viwili tu mkazie fundi: vibano visiguse cheni wala kubana gurudumu dogo lililo kwenye ncha ya baa, na reli mbili ziwe sambamba kabisa na baa. Pima pande zote mbili kila unapobadilisha unene. Tofauti ya milimita 3 hapo ni ubao wa kabari mwisho wa siku.

Kinga haina mjadala: viziba masikio, miwani, barakoa, buti ngumu, glavu, na suruali ya kinga ya msumeno ukiipata. Kelele ya msumeno huu inavuka desibeli 100. Kandambili ziache mlangoni.

HATUA YA KWANZA: GOGO

Kata gogo refu kidogo kuliko unavyotaka, inchi 4 zaidi kila upande, kwa sababu ncha zitapasuka tu. Usilete tamaa ya futi 12 kama kabati lako ni la futi 6. Gogo fupi hutoa mbao zilizonyooka zaidi.

Linyanyue kutoka ardhini juu ya magogo mawili madogo, urefu wa goti, na ulizuie kwa kabari pande zote. Kama kuna mteremko, elekeza gogo literemke unakokwenda, ili uzito wa msumeno ukusaidie. Na simama upepo ukikupiga ubavuni. Utakuwa umeinama juu ya ekzosi kwa muda mrefu, na moshi ule ni sumu.

Bandua gome. Ni kazi ya panga na nusu saa, na watu huiruka. Udongo wetu wa pwani ni mchanga mtupu, na mchanga uliojificha kwenye gome ni sawa na kuipitisha cheni juu ya jiwe la kunolea upande usiofaa.

Halafu tafuta misumari. Mti wa mjini umebeba kila kitu: misumari ya mabango ya uchaguzi, ndoano za kamba ya nguo, waya wa ua wa zamani ambao mti umeumeza. Gogo la Mtongwe lilikuwa na msumari wa inchi 4 ndani kabisa, sentimita 8 kutoka nje. Lazima uligongwa babu yangu akiwa kijana. Ulikula meno kumi na tano kwa mguso mmoja. Dalili ni doa la buluu au jeusi kwenye ncha ya gogo, ambapo chuma kimekutana na maji ya mti. Ukiliona, fuatilia mstari wake. Mwenye rafiki mwenye mashine ya kutafutia chuma aiazime.

HATUA YA PILI: MKATO WA KWANZA

Mikato yote inayofuata itaiga huu. Ukiwa umepinda, kila ubao utapinda vivyo hivyo. Hapa usiwe na haraka hata mvua ikitishia.

Gogo halina sehemu tambarare ambapo fremu itateleza, basi unaitengeneza. Ngazi ya alumini iliyonyooka ndiyo bora. Mbao mbili zilizorandwa zinafaa pia, zikiunganishwa kwa vipande kama reli ya treni. Iwe ndefu kuliko gogo kwa futi moja kila upande, ili fremu ianze na kumalizia juu ya kitu imara.

Kwenye ncha zote mbili za gogo chora mstari wa wima unaopita kwenye kiini, yaani kitovu cha gogo, kwa pima maji. Laza ngazi juu, weka pima maji juu yake upande huu, kisha upande ule. Pande zote mbili zisome sawa. Kama moja imeinamia kushoto na nyingine kulia, umejitengenezea ubao uliosokotwa. Sawazisha kwa vijibao vyembamba chini ya ngazi, kisha ifunge kwa skrubu.

Sasa pima. Fremu iwekwe chini kiasi kwamba baa ipite chini ya ncha za skrubu zako, na sentimita 2 za ziada. Nitasema tena: pima urefu wa skrubu kabla ya kuwasha. Cheni moja ilinifia hapo, na kosa hilo halikuwa la msumari wa babu.

Washa msumeno, weka fremu juu ya ngazi, vuta moto kamili, kisha ingiza. Msumeno unapoingia hukuvuta kidogo, usibishane nao. Tembea. Ukiona injini inalia kwa sauti ya chini umeshinikiza mno, rudi nyuma kidogo. Mimi huyumbisha msumeno kidogo, upande wa injini utangulie, halafu wa ncha, kama mtu anayesukuma mashua yenye mwamba upande mmoja. Kila futi mbili, msaidizi wako agonge kabari ya mbao au plastiki kwenye njia ya msumeno nyuma yako, ili ubao usiibane baa. Kabari ya chuma hapana.

Ukikaribia mwisho punguza mwendo, toka taratibu, halafu acha injini ingurume taratibu nusu dakika kabla ya kuzima. Banzi la kwanza linyanyue. Chini yake utaona rangi ya mti ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na hapo, niamini, utasahau mgongo.

HATUA YA TATU: INAYOBAKI

Toa ngazi. Sasa uso tambarare wa gogo ndio reli yako. Funga fremu kwenye unene unaotaka na uendelee. Kwa rafu, inchi moja na robo. Kwa meza, inchi mbili na robo. Hiyo robo ni ya randa na ya kusinyaa.

Ukifika kwenye kiini, simama ufikiri. Ubao wenye kiini katikati utapasuka hapo hapo, hakuna rangi wala gundi itakayouzuia. Panga mikato ili kiini kiangukie kwenye ubao mmoja, kisha uupasue huo mara mbili na kukiondoa. Hasara ya ubao mmoja mpana ni ndogo kuliko meza yenye ufa.

Kunoa: kila unapojaza tangi, noa. Si kila jioni, si ukiona imechoka. Cheni ya pichi ya 3/8 (kipimo cha viungo vyake, kwa inchi) hutumia tupa ya duara ya milimita 5.2 au 5.5 kufuatana na kampuni iliyoitengeneza. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, tupa ikienda mbele tu, na kila jino lipate idadi ile ile ya misukumo. Meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia, baa itazama au kupanda na ubao utakuwa na tumbo. Kila ukinoa mara tatu nne, shusha pia kile kidole kilicho mbele ya jino kwa tupa bapa, kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Utajua cheni imekufa ukiangalia kinachotoka: chenga kama za sembe ni nzuri, unga laini kama wa ngano, tena wa moto, ni cheni butu. Mtu anayesukuma kwa nguvu hajachoka yeye, cheni yake ndiyo iliyochoka.

Oili ya cheni usijaze ile nyeusi iliyotolewa kwenye gari. Najua kila mtu hufanya hivyo. Ina chembe za chuma, inaua pampu, na inatia madoa kwenye ubao wako.

HATUA YA NNE: KUKAUSHA, AMBAPO MOMBASA INAKUPIGA

Hapa ndipo nilipoharibu mbao nne za kwanza. Nilizisimamisha ukutani juani, kama watu wanavyoanika mabati. Siku ya tatu zilikuwa na nyufa za kupitisha kidole. Zilizobaki nilikimbia kuzilaza chumbani, moja juu ya nyingine, zikaota ukungu wa buluu ndani ya wiki. Jua letu linakausha ngozi ya ubao haraka kuliko tumbo lake, na unyevu wetu unakuza kuvu. Unatafuta njia ya katikati, na njia hiyo ni kivuli chenye upepo.

Siku ile ile ya kupasua, kabla hujaoga, paka ncha za mbao rangi ya mafuta ya zamani au nta. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na ufa huanzia hapo. Kwa mwembe, paka pia dawa ya boraksi iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, pande zote, kuzuia dumuzi.

Tengeneza kitanda cha vipande vya matumbawe au matofali, futi moja na nusu kutoka ardhini, na utandaze nailoni chini kuzuia unyevu wa udongo. Panga mbao, na kati ya kila safu weka vijiti vikavu vya unene wa sentimita 2, kila futi moja na nusu. Vijiti vya safu zote visimame mstari mmoja toka juu hadi chini. Kijiti kikikaa peke yake, ubao utainama kukifuata. Juu ya yote weka matumbawe mazito, kisha mabati, pande zote wazi.

Upande mrefu wa rundo utazame mashariki. Hewa hupita kati ya vijiti, yaani kwa upana wa ubao, si kwa urefu wake. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, basi rundo lililotazama bahari hupata pepo zote mbili mwaka mzima. Na kama unaweza kuchagua, pasua kati ya Desemba na Februari, kaskazi ikivuma na mvua iko mbali. Mbao zangu nzuri zote ni za Januari. Mti ukianguka masika hauna hiari. Pasua hivyo hivyo, ila acha vijiti viwe vinene zaidi na kagua ukungu kila wiki.

Mbao za mwembe za inchi moja zilinichukua miezi minne, za inchi mbili karibu mwaka. Usihesabu kwa kalenda, hesabu kwa mizani. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao mmoja, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiandike uzito, kisha kiache kwenye rundo na wenzake. Kipime kila wiki. Kikikaa wiki tatu bila kupungua, mbao za unene huo zimefika pale hewa ya Mombasa inapoweza kuzifikisha. Ukitaka kujua kiasi cha maji, kiweke kipande hicho kwenye oveni yenye joto la digrii 100 na kidogo mpaka kisipungue tena. Kikitoka gramu 230 kikawa 200, maji yalikuwa 15 kwa 100. Hapa pwani usitegemee kushuka sana chini ya hapo. Hewa yetu huziacha mbao kwenye 14 hadi 16.

Nambari hiyo ina maana kwa mwenye AC. Chumba chenye AC kina hewa kavu kuliko baraza, na ubao uliotulia nje utaanza kusinyaa tena ukiingia ndani. Meza yangu ya kwanza niliirandisha, nikaipaka vanishi na kuiingiza sebuleni siku ile ile. Mwezi wa pili ulisikika mlio usiku, kama mtu amevunja kuni. Sasa mbao huingia ndani zikiwa bado hazijarandwa, zinalala mwezi mzima chini ya kitanda cha wageni, na uso wa meza naufunga kwenye miguu kwa skrubu zilizo kwenye matundu marefu ili uweze kujongea. Mke wangu analalamikia mbao chini ya kitanda. Mlio wa usiku haujarudi.